Re: Safu ya mwisho imetoka sifuri tupu, mfumo hauna jibu?

Hapana. Kwenye jedwali la mfumo wa milinganyo, kila safu ya mlalo ni mlinganyo mmoja: kabla ya | ni namba zinazozidisha x, y na z, baada yake ni upande wa kulia wa =. Basi 0 0 0 | 0 inasema 0 = 0 tu, yaani mlinganyo mmoja ulikuwa unatokana na mingine. Kinachoua mfumo ni kitu kama 0 0 0 | 5, yaani 0 = 5, isiyowezekana.

Safu zako mbili za juu ni 1 2 −1 | 3 na 0 0 1 | 2. Namba kiongozi (ya kwanza isiyo sifuri katika safu) ziko kwa x na z. Y haina, basi ni kigeu huru (kinaweza kuwa namba yoyote), iite t. Anzia chini: z = 2, kisha x + 2t − 2 = 3, hivyo x = 5 − 2t. Majibu hayana idadi.

Ila usihesabu safu za sifuri (wengi huteleza hapo), hesabu vigeu visivyo na kiongozi. Milinganyo 4 yenye vigeu 3 inaweza kutoa safu ya sifuri na jibu likabaki moja tu.