Je, ubongo hukisia tunachokiona?

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mwalimu wetu wa saikolojia alisema kwamba tunachokiona ni makisio ya ubongo. Je, wataalamu wote wanakubaliana?

Jibu: La, hawakubaliani. Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alieleza katika karne ya 19 kwamba ubongo hufikia hitimisho bila sisi kutambua. Richard Gregory wa Uingereza aliitetea hoja hiyo kwa kinyago, ambacho upande wake wa ndani, ingawa umebonyea, huonekana kama uso uliotokeza, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuona nyuso. James Gibson wa Marekani, aliyechunguza uoni wa marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alisisitiza kwamba mwanga unaofika machoni, hasa unavyobadilika tunapotembea, hubeba taarifa za kutosha, hivyo ubongo hauhitaji kukisia. Kuhusu mwendo namwafiki Gibson. Kinyago, hata hivyo, huitatiza sana nadharia yake.