Mwanangu, Chui Nilimchelewesha

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako niliipata juzi jioni. Niliisoma nikaikunja, kisha mama yako alipolala nikawasha taa nikaisoma tena. Unasema mbwa wako Kito ametimiza miaka 13, na kwamba saa nane za usiku anazurura nyumba nzima, kucha zinagonga sakafu, halafu anasimama kwenye kona akiukodolea macho ukuta kama aliyesahau alichofuata. Wiki iliyopita alikojoa usingizini, na alipoamka akawa anakukwepa. Kisha chini kabisa, baada ya salamu za kila mtu, umeniuliza kwa mstari mmoja: "Baba, kwa Chui ulijuaje kwamba wakati wa sindano ya kumpumzisha umefika?"

Siku mbili hizi nimekuwa nikilizungukazunguka swali lako, kwa sababu jibu lake sijawahi kukwambia. Nilijua, mwanangu, nikajitia sijui. Chui, yule mbwa wetu wa zamani, nilimchelewesha wiki tatu.

Wakati ule ulikuwa bwenini, unakaribia mitihani ya mwisho. Tulipokwambia kwenye simu kwamba hali ya Chui si nzuri ulilia, ukaniomba, "Baba, asife kabla sijarudi." Daktari alikuwa ameshampima damu, akaniambia figo zimekwisha na kilichobaki ni kuangalia asiteseke. Mama yako aliniambia mara mbili, "Huyu kiumbe amechoka, mwache apumzike." Mara zote mbili nilimjibu kwamba tunamngoja mtoto.

Ulifika, ukapiga magoti, akakunusa mkono, mkia ukapiga sakafu mara tatu. Kesho yake asubuhi daktari akaja. Jioni ile ukaniambia, "Chui alinisubiri." Nikanyamaza, maana niliona umepata faraja na sikutaka kukunyang'anya. Ila aliyesubiri nilikuwa mimi. Chui alishikiliwa tu.

Wiki zile tatu wewe hukuziona. Alikuwa hali kitu mpaka nimlishe kwa mkono. Nikimpa kipande cha nyama anakipokea taratibu, anakishika mdomoni, ananitazama. Mimi nafurahi, naondoka nikijisemea leo amekula. Siku moja nikavuta godoro lake nilianike juani, nikakuta vipande vimelala ukutani, vimekauka, hakuna hata kimoja kilichotafunwa. Alikuwa akivipokea kwa sababu ni mimi niliyempa. Figo zikishindwa kazi, uchafu ambao ungetoka na mkojo hubaki kwenye damu. Mnyama hushikwa na kichefuchefu, na mdomoni huweza kutoka vidonda. Ile harufu kali ya pumzi zake niliyodhani ni meno, kumbe ndiyo hiyo. Nilikaa pale sakafuni na vile vipande kiganjani, nikaelewa kila kitu. Na bado nikasubiri siku tisa nyingine.

Sikuandikii haya ili ujilaumu. Ulikuwa mtoto na uliomba kile ambacho mtoto yeyote angeomba. Mtu mzima wa kusema hapana nilikuwa mimi.

Sasa nije kwa Kito, maana kwa ulivyoandika sidhani kama amefika huko, na ningependa usilikimbilie swali la mwisho kabla hujamaliza yale ya mwanzo.

Hayo uliyoyataja watu wengi huyaita uzee wakaishia hapo. Kuzurura usiku na kukodolea ukuta kunaweza kweli kuwa ni ubongo unachoka. Mbwa nao hupata maradhi ya kusahau kama binadamu, wakapotea ndani ya nyumba waliyokulia, wakalala mchana na kukesha usiku. Lakini mbwa anayeumwa nyonga naye halali, kila akijilaza anainuka. Anayepoteza macho huingiwa na wasiwasi giza likiingia. Na mkojo wa usingizini huweza kuwa ni kibofu kilicholegea, jambo lenye dawa, au ni wingi wa maji anayokunywa. Hili la maji unaweza kulipima mwenyewe. Mimina maji kwa kipimo asubuhi, kesho yake saa ileile pima yaliyobaki. Yakiwa yamepungua zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, ambayo kwa Kito wa kilo 20 ni lita 2, mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe damu na mkojo. Figo, kisukari na baadhi ya magonjwa ya homoni mara nyingi huanza kuonekana kwa kiu.

Umeandika pia, "Halii, kwa hiyo nadhani haumwi." Hapo nakukatalia, mama yangu. Maumivu ya siku nyingi mbwa huwa hayalilii. Mtazame anapotaka kuinuka: je, anaanza na miguu ya mbele, anatulia, ndipo anaivuta ya nyuma? Anasita kwenye ngazi ambayo zamani aliiruka? Analamba kiungo kilekile kila jioni? Pitisha mikono kwenye mapaja yake yote mawili kwa pamoja, ulinganishe. Mguu anaouhurumia hukonda. Chui paja lake la kulia lilikuwa limebaki kama kamba, na mimi nilikuwa namsugua mgongo kila siku bila kushuka huko chini.

Ziko dawa nzuri za kutuliza maumivu ya viungo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari atakwambia apimwe damu kila baada ya muda gani akizitumia. Vidonge vyako wewe usimpe hata nusu. Ibuprofeni na diklofenaki humletea vidonda vya tumbo na kumwangamiza figo, parasetamoli huweza kumharibu ini na damu. Watu huua mbwa wao kwa huruma namna hii.

Nyumba yako ina sakafu inayoteleza. Mtandikie mazulia mfululizo kutoka anapolala hadi kwenye maji na hadi mlangoni, yasiachane, kwa sababu mbwa mzee akishateleza mara moja huogopa kutembea, na asipotembea misuli humwisha. Mkate kucha, zikirefuka humfanya akanyage vibaya. Usihamishe viti. Mwachie taa ndogo usiku. Akikojoa kitandani usimpigie kelele. Msafishe kwa maji ya vuguvugu umkaushe vizuri, kwani mkojo huchoma ngozi. Na kwa kuwa unasema masikio nayo hayasikii vizuri, usimguse ghafla akiwa amelala. Mbwa mpole kabisa huweza kung'ata akishtuliwa. Mimi Chui nilikuwa namwekea mkono wazi mbele ya pua nikatulia. Kwanza tundu za pua zingecheza, halafu ncha ya mkia, macho yakafunguka mwisho. Ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi ule mwaka wa mwisho, na katika mambo yote ya maisha yake ni hilo ninalolikumbuka zaidi.

Jambo jingine dogo: akilala usingizi mzito, hesabu pumzi zake kwa dakika moja, kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zikiwa chini ya 30 ni vizuri. Zikivuka hapo usiku baada ya usiku bila joto kali, mwone daktari, kwani moyo ukichoka maji hujaa mapafuni na dalili hii hutangulia kikohozi mara nyingi.

Nikirudi kwenye swali lako lenyewe. Daktari wa wanyama wa Marekani aitwaye Alice Villalobos alitunga mwaka 2004 kipimo ambacho madaktari wengi hukitumia: maumivu, ambamo kupumua nako kumo, kisha kula, kunywa, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila moja unaipa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 maisha yake bado yanavumilika. Mimi kumpa mnyama alama kama mwanafunzi hakunikai moyoni, lakini nakuomba ukitumie, kwa sababu moyo wa mtu hubadilisha kipimo kila siku. Leo hawezi ngazi, unasema si kitu, bado anatembea uani. Kesho hafiki uani, unasema si kitu, bado anakula. Nilivyokuwa nikifanya ni hivyo hivyo. Ungekuwa na karatasi yenye tarehe usingejidanganya. Na mara mojamoja mpe mtu asiyeishi naye aijaze, bila kuona yako.

Pamoja na hiyo, andika leo, akiwa bado Kito yuleyule, vitu vitatu anavyovipenda kuliko vyote. Chui alipenda kulala kwenye kiraka cha jua chini ya dirisha na kukifuata kinavyohama, kubeba kandambili yangu moja, na kutupokea getini. Geti lilikwisha kwanza, kandambili ikafuata. Jua nililijua limekwisha siku lilipohama likamwacha kivulini, naye asilifuate. Pale ndipo wakati ulipofika, mwanangu. Ilikuwa Jumanne, na kurudi kwako kulikuwa bado wiki tatu.

Kuhusu sindano yenyewe, hukuwemo chumbani, kwa hiyo nikueleze. Kwanza alichomwa dawa ya kumtuliza, akasinzia kichwa kikiwa pajani pangu. Ya pili ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, inaingia kwenye mshipa. Fahamu hutoka kwanza, pumzi zikafuata, moyo ukasimama, yote kwa dakika chache. Macho yalibaki wazi. Baadaye kifua kilivuta pumzi mara moja, nikapiga kelele nikidhani yu hai. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba mwili huweza kufanya hivyo moyo ukishasimama, na kwamba mkojo nao huweza kutoka. Nakueleza wewe ili siku hiyo usishtuke, uweze kubaki naye.

Anza leo na maji na pumzi, unipigie Jumapili uniambie umepata ngapi. Mama yako anamsalimu Kito, nami pia. Yule nilimbeba mfukoni mwa koti siku ulipomleta. Siku yake ikikaribia ningependa sana kuwepo, nimwekee mkono puani. Lakini ukiona imefika nami niko njiani, usinisubiri.

Baba yako