Mnaoanza kutengeneza modeli, hiyo "mara tatu ya pato" iacheni

Wadogo zangu, msimu wa ripoti za kwanza za kupima kama dawa mpya inastahili gharama yake umefika na sentensi ni ileile: "ICER iko chini ya mara tatu ya pato la mtu mmoja, hivyo dawa ilipiwe." ICER ni gharama ya ziada kwa kila mwaka wa afya unaoongezwa na dawa mpya. Haya, tukae kitako.

1. Kizingiti hicho mmekitoa wapi? Kipimo cha mara moja hadi mara tatu ya pato la taifa kwa kila mtu chimbuko lake ni kazi ya tume ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya uchumi na afya, 2001. Kilihusu thamani ya mwaka wa afya. Yaliyomo kwenye mfuko wa bima hakikuyagusa. Mwaka 2016 wataalamu wa WHO wenyewe waliandika kwamba kisitumiwe peke yake kuamua. Nyie bado mnanakili.

Bajeti isipoongezeka, pesa ya dawa mpya inakatwa kwenye huduma nyingine. Kizingiti kinapaswa kupima hicho kinachokatwa. Malawi, kwenye kifurushi chao cha huduma muhimu cha 2017 hadi 2022, walitumia dola 61 kwa kila DALY inayoepushwa, yaani kila mwaka wa afya unaookolewa usipotee kwa ugonjwa au kifo cha mapema. Sasa ije dawa ya dola 610 kwa DALY. Kwa mara tatu ya pato, inapita bila ubishi. Kwa dola 61, kila mwaka wa afya anaoupata mgonjwa wa dawa hiyo, wengine wanapoteza kumi. Nao hawana mtu wa kuwasemea kikaoni. Mwenye dawa anaye, tena na slaidi nzuri.

Msidhani ni shida ya maskini tu. NICE, taasisi ya Uingereza inayoamua dawa zipi zilipiwe, ilikaa miaka mingi kwenye pauni 20,000 hadi 30,000 kwa QALY (mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili), ilhali watafiti wa Chuo Kikuu cha York mwaka 2015 walikadiria kuwa NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, inazalisha QALY moja kwa takribani pauni 13,000.

2. ICER ni tofauti ya gharama kugawa kwa tofauti ya matokeo. Dawa ya zamani: shilingi 400,000, QALY 2.0. Mpya: 1,600,000, QALY 2.4. Mwingine anagawa 1,600,000 kwa 2.4, anapata kama 667,000, anashangilia. Jibu ni milioni 3. Na mnalinganisha na kinachotumika wodini leo, siyo na "bila matibabu" kwa sababu tu modeli inapendeza hivyo.

3. Diskaunti, yaani kupunguza thamani ya yanayokuja miaka ya mbele, ifanywe pande zote mbili, gharama na matokeo. Mwaka wa bei uandikwe.

4. Kupita kizingiti siyo kuwa na pesa. Sofosbuvir ya homa ya ini C ilikubaliwa na NICE mwaka 2015, lakini wagonjwa walikuwa wengi mno, ikabidi NHS England iigawe kwa awamu. Mwaka 2017 wakaweka sharti: dawa ikitarajiwa kuzidi pauni milioni 20 kwa mwaka, katika wowote wa miaka mitatu ya mwanzo, bei ijadiliwe kwanza. Kwa hiyo jedwali la idadi ya wagonjwa mwaka kwa mwaka liwe kwenye ripoti yenyewe, siyo kiambatisho namba saba.