Kocha wa pool, angalia kwanza anavyokuangalia

Mdogo wangu umesema una miaka 3 kwenye meza hapo Mbagala, mipira yote unaingiza ila ukibaki na nane nyeusi, ule mpira wa mwisho, unakosa, ndo maana unataka kocha. Usimkimbilie tu yule mkali wa mtaa anayekula hela za watu kila siku, kucheza ni kitu kingine na kufundisha ni kingine kabisa. Mimi nilimlipa mmoja wiki 2 nzima, akawa ananionyesha mashuti yake tu, fimbo naishika kwa nadra.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja, siku ya kwanza hakugusa fimbo, alikaa pembeni akaniangalia napiga kama mara 20 hivi, akaniambia unanyanyua kichwa kabla fimbo haijagusa mpira. Basi! Akanipa zoezi moja, nipige mpira ulionyooka na shimo halafu mweupe, ule unaougonga kwa fimbo, usimame palepale ulipogongana nao, mweupe ukifuata mbele umeugonga juu, ukirudi nyuma umeugonga chini. Tulirudia hiyo hiyo saa nzima, mkono ukauma kweli.

Kwahiyo kabla hujatoa hela mwombe akuone unapiga kwanza. Na nendeni mchana meza ikiwa haina foleni.