Upasuaji wa matundu kwa endometriosisi: maumivu yanaisha kweli?

Dada uliyeuliza kama upasuaji wa matundu unamaliza maumivu ya endometriosisi, yaani nyama zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake: mimi nimefanyiwa, na kwa mwezi wa kawaida naenda kazini bila kujikunja. Ila hayajaisha yote.

Miaka niliambiwa ni chango tu, nikizaa litaisha. Altrasaundi nayo ilitoka safi. Lisikukatishe tamaa hilo, maana altrasaundi huonyesha uvimbe wa ovari vizuri, lakini vidonda vidogo vilivyotapakaa kwenye utando wa tumbo mara nyingi haivioni. Kwangu kamera ya upasuaji ndiyo iliyokuta utumbo umegandana na mfuko wa uzazi. Kumbe ndiyo maana haja kubwa siku za hedhi ilikuwa mateso!

Unapigwa nusu kaputi, unatobolewa matundu madogo, moja kitovuni, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kamera ipate nafasi. Ukiamka usishangae bega kuuma kuliko tumbo. Gesi iliyobaki inasumbua msuli ulio chini ya mapafu, na neva yake ndiyo inayopeleka maumivu begani. Siku chache tu, tembeatembea.

La kumbana nalo daktari mapema: vidonda atavichoma, au atavikata avitoe? Vilivyozama ndani ukivichoma juu juu, mzizi unabaki. Na kama una ule uvimbe wa ovari wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti, kuunyonya tu haitoshi, hujaa tena. Hutolewa na ganda lake. Ubaya ni kwamba ganda linaweza kuondoka na mayai, kwa hiyo kama bado unatafuta mtoto, liseme hilo kabla hujapanda kitandani, na uliza kipimo cha AMH, cha damu kinachokadiria akiba ya mayai.

Baadaye usikae hivi hivi, bila homoni ugonjwa hurudi kwa urahisi zaidi. Mimi niliwekewa kitanzi cha homoni, Mirena, humo humo nikiwa nimelala. Miezi ya mwanzo damu ilikuja matone matone bila mpangilio, inaudhi kweli, kisha hedhi ikawa karibu haipo. Wengine hutumia vidonge vya homoni vya dienogest, 2 mg kila siku. Hivi vyote ni vya asiyetaka mimba kwa sasa.

Na hao wanaokushauri ukatoe kizazi, waulize vidonda vilivyo nje ya kizazi atavitoa nani.