Nilikodi viti 200, wakaja vijana 31

Jumapili usiku nimepokea ujumbe wa sauti wa dakika saba kutoka kwa mdogo wangu mmoja wa Kigamboni, msomaji wangu wa siku nyingi. Kapata nafasi ya kuratibu mradi wa vijana, amani na haki za binadamu kwenye kata yao. Ana miezi sita, ana bajeti, na ratiba keshaipanga: uzinduzi, mgeni rasmi, kongamano, fulana. "Dada, nianzie wapi?" Niliusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilicheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu ratiba yake ni ileile yangu ya mwaka 2019, mpaka rangi ya fulana.

Basi ngoja nikusimulie, na ninyi wengine mnaotaka kuifanya kazi hii (meseji zenu ninazo, msijifiche) sogeeni.

Septemba 21 mwaka ule, Siku ya Kimataifa ya Amani, nilifunga maturubai mawili Mbagala. Nilikuwa na spika, MC aliyelipwa nusu, na viti vya plastiki 200. Mada ilikuwa Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lile la Desemba 2015, la kwanza la Baraza hilo kuwazungumzia vijana kama wabia wa amani badala ya kuwaona kama watu wa kudhibitiwa tu. Nililipenda azimio lile, na bado nalipenda. Nguzo zake tano nilizikariri kama sala: ushiriki, ulinzi, kuzuia migogoro, ubia, na kuwarejesha kwenye jamii walioachana na vurugu. Nikazichapisha kwenye bango la mita tatu.

Wakaja 31. Nilihesabu mwenyewe kwenye daftari la mahudhurio, na mmoja alikuwa na miaka 43. Sera yetu ya taifa inasema kijana ni wa miaka 15 hadi 35, azimio lenyewe linasema 18 hadi 29, yeye akasema ni kijana wa moyo. Nauli alichukua.

Mgeni rasmi alifika saa saba, akahutubia dakika arobaini kuhusu tunu ya amani. Ukaja muda wa maswali. Akasimama kijana aliyevaa reflekta iliyofubaa hadi ikawa nyeupe, mguuni ndala mbili zisizofanana, moja ya bluu, moja ya kijani. Akasema: "Dada, nimekuelewa vizuri. Ila mimi wiki iliyopita nimelala ndani siku mbili, kosa sijaambiwa, nimetoka kwa laki na nusu ya kukopa. Hiyo ni nguzo ya ngapi?"

Watu wakacheka. Mgeni rasmi akashika simu yake. Mimi nikasema swali zuri sana, tutalijibu baadaye. Baadaye zikagawiwa soda.

Na hapa niungame jambo ambalo sijawahi kulisema. Ripoti ya siku ile, ya shirika lililonipa mradi, iliandika kwamba vijana zaidi ya 200 wamefikiwa. Walihesabu viti. Niliisoma, nikaisaini. Mwaka uliofuata shirika lile, silitaji, likampa mradi mtu mwingine, na picha zangu nikaja kuziona kwenye kalenda yao bila jina langu. Iliniuma. Mpaka leo kalenda yoyote yenye picha za semina siiangalii kwa wema. Lakini nisijitetee: mkono uliosaini ulikuwa wangu.

Miezi minne iliyofuata sitawachosha nayo, nilikuwa nyumbani natafuta kazi. Kilichonirudisha Mbagala ni zile ndala. Nilitaka nimpe jibu lake.

Nilimkuta kijiweni kwao, kijiwe cha bodaboda chini ya mwembe, anacheza drafti. Ubao ni kipande cha ceiling bodi kilichochorwa kwa kalamu ya wino, kete ni vizibo vya soda: upande mmoja vimelala kifudifudi, upande mwingine chali. Hakuna aliyeniitikia. Siku ya kwanza nilikaa saa nzima, nikaondoka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mmoja akaniuliza kama mimi ni wa mkopo wa kausha damu. Siku ya nne yule wa ndala akanitambua: "Wewe si dada wa soda?" Ndilo jina langu pale hadi leo.

Nikatoa nakala ya Katiba niliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni. Akaipokea, akaifungua, akashangaa: kumbe imeandikwa Kiswahili. Ndiyo, Katiba ya mwaka 1977 imeandikwa Kiswahili, na sehemu ya haki iliingizwa mwaka 1984, ibara ya 12 mpaka 29. Tukasoma ya 15, ya uhuru wa mtu. Tukasoma ya 13, inayokataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na inayokataza mateso. Halafu nikawaeleza ya sheria: ukikamatwa una haki ya kujua kosa, ikiwa haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24 na kosa si kubwa, polisi wanatakiwa kukupa dhamana, na ukibakizwa ndani ufikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa makosa yenye dhamana, dhamana ya polisi ni bure. Unachohitaji ni mdhamini mwenye kitambulisho, mara nyingi na barua ya serikali ya mtaa.

Drafti ilisimama. Sijawahi kupata ukimya kama ule chini ya turubai.

"Bure?" mmoja akauliza. "Laki na nusu yangu je?"

Wiki kama tatu hivi baadaye, saa nne usiku, simu. Mwenzao mmoja kawekwa ndani. Wamekwenda wanne, wamepanga mmoja tu ndiye aongee, tena kwa upole, shikamoo mbele. Wameuliza kosa, wameuliza dhamana, mdhamini wamemleta. Asubuhi jamaa yuko nje na hawajatoa hata mia. Mimi sikuwepo, nawaambia nilivyoelezwa, lakini sitaficha kwamba nililia, na kwamba nilimpigia mama yangu kumsimulia kana kwamba nimeshinda ubunge.

Mnauliza amani iko wapi hapo. Inakuja. Kijiwe chao na kijiwe cha ng'ambo ya barabara walikuwa wanagombea abiria wa daladala za jioni. Siku moja wakapigana, mtu wa ng'ambo akapasuliwa juu ya jicho, na usiku ule wenzake wakaanza kukusanya vyuma. Nikataka kumwita mwenyekiti wa mtaa. Vijana wa kijiwe chetu wakaniambia, tulia dada. Wakatuma wawili bila pikipiki, kwa miguu, mikono mitupu, wakamwombe aliyeumia radhi mbele ya mama yake. Kesho yake wakakaa vijiwe vyote viwili, wakapanga zamu: nani anapakia kituoni siku gani, saa ngapi. Mimi nilipewa kazi moja. "Wewe dada andika tu, mwandiko wako mzuri." Karatasi ile ilibandikwa kwa selotepu kwenye nguzo ya umeme, mvua ikaila, wakaiandika upya wenyewe.

Nguzo zote za 2250 zilikuwa pale, isipokuwa bango.

Kwa mabinti nilifeli mwanzoni, niseme kwa kifupi. Niliwasubiri kijiweni mwaka mzima, hawakuja. Wako saluni na kwenye majiko ya mama lishe, na hoja zao ni nyingine kabisa, nitaziandikia siku yake.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu na maandamano. Mnakumbuka: mtandao umezimwa, Dar tumewekewa amri ya kutotoka nje usiku, simu ya kawaida ndiyo tegemeo. Wale vijana walikuwa wanapigiana jioni kwa jioni kuhesabiana, nani karudi kwao, nani bado. Kwa siku zile sina maneno ya semina. Ninachojua ni kwamba tangu hapo ukisimama na spika ukasema "amani", kijana anasubiri usikie na upande wake. Usipokuwa tayari kutamka haki, usimwite.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nianzie wapi, umeuliza. Kijiweni. Nenda ukakae. Ukichoka kukaa, kaa tena. Usiende na jibu kabla hujapewa swali. Watakuuliza dhamana, kisha watakuuliza hela, kwa hiyo jifunze pia ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana. Mjue msaidizi wa kisheria wa karibu, sheria ya mwaka 2017 inamtambua. Ijue njia ya kupeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na ukae.

Tuna dhambi moja wote tulio kwenye kazi hii: tumewazoesha vijana kulipwa ili watusikilize, na siku posho ikikosekana tunasema hawajitambui. Nani hajitambui? Mtu anayeacha kijiwe saa ya abiria kuja kusikia nguzo tano, huku bosi anasubiri hesabu ya jioni, huyo amekupa zaidi ya ulichompa. Tumwogope Mungu jamani.

Hela ya fulana omba uibadilishie matumizi, uchapishe zile ibara, herufi kubwa, karatasi ngumu. Mfadhili akikataa, mwoneshe andiko hili. Na kwenye ripoti andika 31.

Jumamosi nakwenda Mbagala, saa nane mchana, abiria wakiwa wamepungua. Wahi pantoni. Ukifika ukanikosa, ulizia dada wa soda. Ila ukikuta drafti haijaisha, tafuta dumu ukalie, usiongee.