Mazoezi ya moyo kwa simu: jibu kwa binti wa Singida

Binti mmoja wa Singida ameniandikia. Baba yake amewekewa stenti Dar, kile kibomba kidogo kinachoushikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, karuhusiwa kurudi nyumbani, na mazoezi ya kurudisha nguvu ameambiwa atayafuata kwa video. "Mama, kweli moyo unatibiwa kwa simu?" Nilicheka, maana nami moyo wangu niliuzoeza kwa video, na wifi yangu aliniuliza hivyohivyo, tena mbele ya wageni waliokuja kunipa pole. Sijasahau.

Simu haitibu moyo, mwanangu. Mshipa ulishazibuliwa hospitali. Kilichobaki ni kuuzoeza moyo kazi upya huku kuna mtu anakuangalia, na mimi wa Moshi ningepanda basi la Dar mara ngapi kwa wiki?

Mtaalamu wangu wa fiziotherapia, kijana mdogo kuliko kitinda mimba wangu, alianza kwa kukagua sebule. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. "Shikamoo mama. Iinamishe kidogo nione miguu." Alipoiona miguu akauona na mkeka uliojikunja pembeni, ukaondolewa kabla sijainua hata goti. Kisha presha: nikae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo. Nikifungua mdomo, anainua kidole.

Mapigo ya moyo hatukuyategemea sana, kwa sababu natumia dawa inayoyapunguza. Unaweza kuhema kwelikweli na mapigo yasipande. Tulitumia kipimo cha Borg, yaani unataja mwenyewe namba ya jinsi unavyojisikia kuchoka: 6 ni umekaa umetulia, 20 huwezi tena. Nibaki kati ya 11 na 13. Kwa lugha ya nyumbani, uweze kuzungumza sentensi nzima lakini kuimba kukushinde. Mimi ni mwanakwaya, hapo tulielewana upesi.

Wiki zilizofuata hazina hadithi. Kutembea, kukaa na kusimama kwenye kiti, kutembea tena. Mtandao ukikatika tulimalizia kwa simu ya kawaida.

Leo napanda kilima cha kanisani bila kupumzika njiani. Waliosema nimekwisha nawapita hapohapo, wala siwasubiri. Najivuna, ndiyo.

Sasa mwambie baba afuate anachoelekezwa. Asifanye mazoezi akiwa peke yake nyumbani. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija au pumzi ikikata, aache palepale na apelekwe hospitali ya karibu. Asingoje video ya kesho. Kama amepewa aspirini na klopidogreli, asiziache eti kwa kuwa anajisikia mzima. Damu inaweza kuganda ndani ya stenti, na wa kusema "sasa acha" ni daktari tu. Chumvi ipungue: Shirika la Afya Duniani linataka iwe chini ya gramu 5 kwa siku, hata kijiko cha chai hakijai, na hapo umehesabu na iliyomo kwenye mkate na dagaa.

Sigara aache. Nyie kina baba nawajua: mkiulizwa kwenye video kama mmevuta, mnatazama dari. Kijana wa watu yuko Dar, moyo uko kifuani kwako, sasa unamdanganya nani? Acheni. Na nyie watoto msiwafichie.

Halafu bando linunuliwe usiku. Asubuhi vocha zinatafutwa huku mtaalamu anasubiri, na mzee presha imeshapanda kwa hasira kabla hata hajapimwa.